Akiba Haiozi, Hata Angani

Wazee wetu waliotoka pwani kwenda Tabora kwa miguu walikuwa na mahali walipopahofu kuliko pengine pote njiani. Palikuwa kati ya Ugogo na Unyanyembe, pakiitwa Mgunda Mkali, nyika ambayo maji yake yalikuwa haba na visima vyake vilikuwa mbalimbali. Msafara haukuingia humo ovyo. Vibuyu vilijazwa kwanza, wapagazi wakaondoka jua likipinda, wakalala pasipo maji, na alfajiri wakashika tena njia kuelekea kisima cha mbele. Kiongozi aliyeingia Mgunda Mkali na maji ya kukadiria hakuitwa shujaa. Alikuwa amewaponza watu wake.

Leo hii mwananchi wa Unguja au Pemba mwenye shughuli Tabora hupanda ndege Dar es Salaam, akavuka njia yote ile kwa muda usiofika saa mbili. Mgunda Mkali hauoni ila kwa dirishani. Lakini sheria ya nyika haikufutwa. Imehama tu kutoka kwenye kibuyu cha maji kwenda kwenye tangi la mafuta.

Sisi wa visiwani tumezoea safari fupi. Ndege ikikuta mvua kubwa Unguja, Dar es Salaam ipo ng'ambo tu ya mkondo. Huko magharibi mambo ni mengine. Kutoka Tabora hadi Mwanza ni karibu kilomita 290 kwa njia ya anga. Hadi Kigoma au Dodoma ni kama kilomita 350. Rubani wa ndege ya mapangaboi aliyezuiwa na tufani juu ya Tabora hana budi kuwa na mafuta ya zaidi ya nusu saa ili afike kiwanja kingine, na huko nako akute hali njema ya hewa.

Ndiyo maana kanuni za kimataifa zinaagiza ndege ibebe mafuta ya safari, mafuta ya dharura ndogo ndogo, mafuta ya kwenda kiwanja cha badala, na juu ya hayo yote akiba ya mwisho ambayo kwa ndege ya namna hiyo ni ya dakika 30. Akiba hiyo haikuwekwa ili itumiwe kuzunguka juu ya kiwanja kwa kutumaini kuwa wingu litapita. Rubani akiona ataigusa kabla ya kutua, anapaswa kutangaza hatari waziwazi, na wote wampishe.

Tunasema waziwazi kwa kuwa kusita kumekwisha kuua. Tarehe 25 Januari, 1990 ndege ya shirika la Avianca ilizungushwa hewani kwa zaidi ya saa nzima ikingoja kutua New York katika hali mbaya ya hewa. Marubani waliwaambia waongozaji kuwa mafuta yanakwisha, lakini neno lenyewe la kutangaza hatari hawakulitamka. Ndege ilianguka, watu 73 wakafa. Heshima na haya ni sifa njema barazani; katika redio ya ndege yenye tangi tupu ni maangamizi.

Nasi tumepata msiba wetu wa hali mbaya ya hewa. Tarehe 6 Novemba, 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. Hatuutaji msiba huo ili kuwahukumu marehemu, wala hatusemi kuwa mafuta ndiyo yaliyokuwa chanzo. Twautaja kwa sababu unatukumbusha jinsi dakika chache za mvua juu ya kiwanja kidogo zinavyoweza kuwa nzito.

Sasa tujiulize sisi abiria. Rubani akigeuza ndege kwenda Mwanza, au akirudi Dar es Salaam, tunampokeaje? Mara nyingi kwa manung'uniko: kikao kimepita, maziko yamepita, mizigo imeharibika. Nao wakubwa hupiga simu kuuliza kwa nini wamecheleweshwa. Watu wa visiwa tungepaswa kuwa wa mwisho kunena hivyo. Hatujasahau tarehe 18 Julai, 2012, meli ya MV Skagit ilipopinduka katika upepo mkali karibu na Chumbe. Ni nani asiyetamani kuwa nahodha yule angegeuza chombo akarudi bandarini? Nahodha wa angani anayegeuza anastahili shukrani, si lawama.

Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo tunawaeleza wahusika wa pande zote mbili. Kwanza, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ihakikishe kuwa hakuna rubani anayeulizwa kwa ukali na mwajiri wake kwa kubeba mafuta ya ziada au kwa kugeuza. Pili, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara, ya kwenda Ujiji, Karagwe na kusini. Inafaa iwe kimbilio la ndege za magharibi, yenye taa, mafuta na taarifa za hali ya hewa saa zote ndege zinaporuka. Tatu, mashirika yaandae mapema chakula, malazi na usafiri wa abiria walioshushwa pasipo kwao, ili gharama hiyo isiwe kishawishi cha kulazimisha kutua.

Waliovuka Mgunda Mkali na kufika Tabora ni wale waliobeba maji zaidi ya waliyoyahitaji. Kawia ufike.