Utalii Upimwe kwa Mwenyeji

Wahenga walinena, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Mwaka wa 2024 Kenya ilipokea wageni wapatao milioni 2.4, na wengi wetu tukaishangilia idadi hiyo. Je, mwenyeji alipona?

Mwaka uo huo, Jukwaa la Uchumi Duniani lilipima utalii wa mataifa 119 kwa alama kati ya 1 na 7. Marekani iliongoza, ikifuatwa na Uhispania na Japani. Kipimo hicho hakitosheki na idadi ya wageni; huchunguza pia usalama, afya, barabara, bei na mazingira.

Hata hivyo, mwalimu ajua fika kwamba jumla ya alama yaweza kulificha somo aliloanguka mwanafunzi. Mtalii aliyelipia malazi, chakula na matembezi huko kwao huenda asinunue hata kinyago kimoja Diani. Kinyume chake, kandokando ya Maasai Mara kuna wenye ardhi wanaolipwa kodi na hifadhi za jamii.

Basi, serikali inapotangaza idadi ya wageni, na itangaze pia kiasi kilichobaki mikononi mwa wenyeji. Hapo ndipo tutakapojua kama tumepita mtihani.