Nani alivuta watu? Bendi zangu za miaka ya sabini

KIJIWENI BINZA
Na Masunga Limbu

Mpwa wangu anayefundisha sekondari mjini Bariadi alikuja Jumapili iliyopita na karatasi mfukoni. Kaandika bendi kumi bora za miaka ya sabini, kazipanga kuanzia ya kwanza hadi ya kumi, na miaka hiyo hata hajazaliwa. "Mjomba, ongeza sahihi yako hapa," akasema. Nikamwuliza kazipima kwa kipimo gani. Kwa upigaji wa magitaa, akajibu.

Magitaa! Tangu enzi za Ngika na Gumha, wale waganga wawili wa karne ya 19 waliotuachia makundi ya ngoma ya Wagika na Wagalu, Msukuma hapimi ngoma kwa kutazama ngoma. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, saa ileile, na watazamaji wana miguu. Ukiona wanabanduka kwako wanahamia ng'ambo, umeshindwa, hata kama ningi wako, kiongozi wa nyimbo, ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Ndiyo maana wachezaji hutafuta dawa kabla ya kuingia uwanjani, na dawa yenyewe ni ya kuvuta watu, si ya kuimba vizuri.

Sasa, bendi zile hatukuziona kwa macho. Simiyu yenyewe haikuwapo hadi mwaka 2012. Tulikuwa Mkoa wa Shinyanga. Muziki wa dansi ulitufikia kupitia Radio Tanzania, ambayo kwetu ilikuwa ndiyo ukumbi, ndiyo duka la santuri. Baba alinunua redio ya National kwa fedha za pamba, na jioni uani petu watu walijaa kama kwenye mnada. Betri zikichoka tulizianika juani kama dagaa, zikarudi na uhai wa nusu saa. Nusu saa hiyo baba hakuichezea. Wimbo usiomgusa aliuzima, kutunza betri. Wimbo uliomgusa aliuacha, na majirani waliokwisha kuaga wakarudi kukaa. Sina kipimo kingine.

Kwa kipimo hicho wa kwanza ni Mbaraka Mwinshehe. Nimeandika jina la mtu mahali pa bendi, najua. Morogoro Jazz walikwenda naye hadi Osaka, Japani, kwenye Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1970. Mwaka 1973 akatoka akaunda Super Volcano. Mimi bendi hizo mbili nazihesabu kuwa moja. Mpwa wangu anasema huo ni wizi wa kura. Ni kweli. Lakini yeye hakuwahi kulisikia lile gitaa likisubiri sauti imalize, halafu linajibu taratibu, kama mzee aliyeulizwa jambo zito barazani. Mama aliacha kutwanga ili lisikike. Januari 1979 ilipotangazwa kwamba amekufa kwa ajali ya gari Mombasa, baba aliizima redio, na betri zilikuwa mpya.

Wa pili ni Tabora Jazz ya Shem Karenga na Segere Matata yao, kwa upendeleo wa wazi kabisa: Wanyamwezi ni ndugu zetu. Wa tatu NUTA Jazz, bendi ya wafanyakazi iliyoanza mwaka 1964, yenye sauti ya Muhidin Gurumo. Wa nne Afro 70 ya Patrick Balisidya, waliotuwakilisha Lagos kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977. Maquis du Zaire nimewatupa namba tisa na najua nitatukanwa. Kosa lao ni moja tu: nyimbo zao zilikuwa ndefu, na betri ni betri.

Fundi baiskeli wa hapa kijiweni, ambaye hakuna mjadala asioingia, akashauri tuwaongeze Queen kwa kuwa Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946. Tukamwambia asubiri orodha ya Waingereza.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya Sunburst, ambao mpwa wangu kawaweka namba mbili. Hawa walikuwa vijana wa Dar es Salaam waliochanganya roki na midundo ya kwetu, wakaita mtindo wao Kitoto, wakaenda kurekodi Zambia albamu ya Ave Africa, iliyotoka mwaka 1976. Lebo ya Strut iliitoa upya mwaka 2016, na ndipo vijana kama huyu wakaanza kutuhutubia. Uani kwa baba sikumbuki kuwasikia hata mara moja.

"Ng'wanawane," nikamwambia, "tuwapeleke uwanjani."

Yeye akaweka simu na spika yake chini ya mwembe, akawapiga Sunburst. Mimi nikasimama upande wa muuza kahawa, nikampiga Mbaraka. Madereva wa bodaboda walitangulia kwangu kwa heshima, halafu gitaa la Sunburst likaanza kukoroma, wakabanduka mmoja mmoja wakidai wanafuata kivuli. Mama muuza karanga alisimama katikati, beseni kichwani, shingo upande wa mwembe na miguu upande wangu. Tukahesabu: wanane kwangu, saba kwake. Nimeshinda, na Sunburst nimewapandisha hadi namba tano. Mpwa wangu amekata rufaa, anasema mmoja wa wanane wangu alikuwa amelala.