Neno "Tough" na Tafsiri Yake

Katika mazoezi ya kufundisha tumewaona walimu wanafunzi wakiandika ubaoni "tough", na mbele yake "gumu", kisha wakaendelea na neno jingine. Desturi hiyo hatuikubali.

Kigae cha chungu ni kigumu, lakini kikianguka huvunjika. Waingereza hukiita "hard", hawakiiti "tough". Katambuga iliyokatwa katika tairi kuukuu hupindwa, hukanyagishwa miiba na mawe, wala haikatiki. Hiyo ndiyo "tough". Mwalimu na aingie darasani na vitu hivyo viwili, watoto wavishike na kuvijaribu wenyewe.

Hatari huzidi neno hilo linapomsifu mtu. Mtoto aliyekariri "gumu" atasoma habari za mjane aliyelea wanawe katika dhiki, naye atamwita "mwanamke mgumu". Kwetu mtu mgumu ni bahili, au yule asiyesikia la mtu. Sifa imegeuka tusi, na mtoto hana kosa! Hapo lafaa neno "mkakamavu" au "shupavu". Sheria nayo huitwa kali. Kwa nyama na mtihani, "gumu" latosha.

Basi kivumishi hiki kisiandikwe pweke. Kiandikwe pamoja na jina lake, ndani ya sentensi, na wanafunzi wenyewe watafute Kiswahili kinachofaa. (Matamshi yafundishwe kwa mdomo kwanza: tahajia yake humalizikia kwa sauti ya f isiyoonekana.) Ni kweli kwamba kwa njia hii maneno 20 hayatamalizika katika kipindi kimoja. Yafundishwe matano.