Tangi Leo, Samaki Mwezi Ujao

Maduka ya samaki wa mapambo yaache kumuuzia mteja tangi, chujio na samaki siku moja. Mteja huondoka na furaha, na baada ya siku chache samaki wanahema juu ya maji, mmoja mmoja wanakufa, naye anaambiwa amewalisha vibaya. Mara nyingi kilichowaua ni amonia. Samaki huitoa usiku na mchana kupitia matamvua, na chakula kinachooza chini huiongeza. Ziwani humezwa na wingi wa maji, lakini kwenye tangi la lita 60 haina pa kwenda. Wanaoiondoa ni bakteria wanaojishikiza kwenye sifongo na changarawe: kundi moja huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, yenye madhara madogo, inayopunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila baada ya muda. Bakteria hao huongezeka polepole. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kufikia wingi unaotosha. Chujio lililotoka kwenye boksi leo, hata liwe la bei ya juu kiasi gani, hunasa takataka tu. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yakaua.

Afrika Mashariki ina sababu ya ziada ya kulijali hili, kwani baadhi ya samaki wanaosakwa sana na wafugaji duniani wanatoka kwetu. Sikilidi wa Ziwa Tanganyika, kama Tropheus, wamezoea maji ya alkali ambayo pH yake hukaribia 9. Katika pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo katika hali kali inayopenya mwilini mwa samaki haifiki asilimia 1. Katika pH 9, inazidi theluthi moja. Kwa hiyo mfugaji anayejitahidi kuwapa samaki hao maji kama ya Kigoma, lakini hakuwatangulizia bakteria, anaikuza sumu kwa juhudi zake mwenyewe.

Zipo hoja za kupinga. Wako wanaosema guppy wao waliwekwa siku ya kwanza na wakaishi. Ni kweli, wakiwa wachache na maji mengi, guppy huvumilia. Lakini kuvumilia sumu si kuwa salama, na sikilidi kama Tropheus hana ustahimilivu huo. Wengine hudhani usafi unatosha, hivyo hubadilisha maji yote na kuosha sifongo bombani, kumbe klorini inawaua bakteria waliokuwa wameanza kujijenga. Sifongo ioshwe kwenye maji yaliyotolewa tangini. Hoja nzito ni ya muuzaji: mteja hatasubiri mwezi. Lakini muuzaji huyo ana matangi yaliyokomaa dukani. Akimkatia mteja kipande cha sifongo iliyotumika, ikafika nyumbani ikiwa na unyevu, muda wa kusubiri hupungua sana. Tangi lisilo na samaki litiwe chembe za chakula kila siku ili bakteria wapate amonia ya kula, pampu ya hewa ikifanya kazi muda wote. Mteja arudi na maji kwenye chupa yapimwe, na samaki wa kwanza, wawili au watatu, wauzwe pale amonia na naitraiti zote zitakaposoma sifuri.