Mgeni Njoo, Vyama Vipone: Haja ya Mshauri Msafiri katika Vyama vya Wanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa sana mezani, pale mwenyeji anapofaidi kitoweo kilichoandaliwa kwa ajili ya mgeni. Ni nadra kutajwa pale vyama vya wanafunzi vinapozungumziwa, ilhali huko ndiko inakohitajika zaidi. Makala haya yanadai kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya magharibi mwa Kenya havifi kwa kukosa wapenzi wa lugha, bali kwa kukosa mtu wa kuvitembelea. Yanapendekeza mtu huyo atafutwe, apewe nauli na riziki, na kituo chake kiwe Kakamega.

Ugonjwa Wenyewe

Shahada ya ualimu huchukua miaka minne. Mwaka wa kwanza mwanafunzi hujifunza njia za chuo. Mwaka wa pili hujiunga na chama. Mwaka wa tatu huchaguliwa kuwa kiongozi. Mwaka wa nne huwa yuko mbioni kati ya mazoezi ya kufundisha, mradi wa utafiti na mitihani ya mwisho. Kwa hivyo uongozi wa chama, hata ukiwa hodari kiasi gani, huishi takribani mwaka mmoja. Mwenyekiti anapoanza kuelewa kazi yake, muda wake umekwisha.

Anapoondoka, huondoka na mengi. Huondoka na jina la afisa aliyekuwa akiidhinisha ukumbi bila usumbufu. Huondoka na nywila ya anwani ya barua pepe ya chama. Muhuri husahauliwa ndani ya sanduku la mtu aliyekwisha kurejea kwao. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, vyama vingi vidogo vimezoea kukusanya ada kupitia laini ya simu ya mweka hazina mwenyewe, na mweka hazina anapohitimu, hesabu zote huondoka na simu yake. Si lazima pawe na mwizi. Mtu mwaminifu kabisa anaweza kukiacha chama bila senti na bila daftari, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia kwamba makabidhiano ni kazi.

Kamati mpya basi huanza upya. Huandika katiba ambayo tayari iliandikwa. Hurudia kosa la kualika wageni wengi kabla ya kupata fedha za chakula. Tabia hii ilikuwa mbaya vya kutosha kabla ya Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona. Baada ya hapo, kundi lililokuwa na ujuzi lilihitimu bila kuonana na kundi lililopaswa kuurithi, na pengo hilo halikuzibwa na mtu.

Kazi ya Mshauri Msafiri

Nchini Marekani ugonjwa huu ulitambuliwa zamani na ukatafutiwa dawa. Huko kuna vyama vya udugu vya wanafunzi, vya wavulana na vya wasichana, vinavyojulikana kwa majina ya herufi za Kiyunani. Cha kwanza kujiita kwa herufi hizo, Phi Beta Kappa, kilianzishwa mwaka 1776 katika Chuo cha William and Mary, Virginia, na baadaye kikageuka kuwa jumuiya ya kuwatunukia wanafunzi bora heshima ya kitaaluma. Vile vya udugu wa kijamii vilienea katika karne ya 19, na mwaka 1906 wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell walianzisha chao, Alpha Phi Alpha. Chama kikubwa cha namna hii huwa na matawi katika vyuo vingi, na vingi vyenye makao makuu yanayoajiri watu huwa na washauri wasafiri.

Mshauri msafiri kwa kawaida ni mhitimu wa juzi, mwenye umri wa miaka 22 au 23, anayeajiriwa kwa mwaka mmoja au miwili. Kazi yake ni kwenda tawi baada ya tawi. Akifika huzungumza na mwenyekiti peke yake, katibu peke yake na mweka hazina peke yake, maana yanayosemwa faraghani si yale yanayosemwa kikaoni. Hukagua daftari la fedha. Huketi nyuma katika mkutano wa kawaida na kutazama ni nani anayesema na ni nani anayenyamazishwa. Huonana na mlezi wa chama na wakuu wa chuo. Kabla ya kuondoka huwaeleza viongozi aliyoyaona. Usiku huandika taarifa ya makao makuu. Kesho yake yuko katika mji mwingine na sanduku lile lile.

Faida kubwa ya mtu huyu si hekima, kwa kuwa bado ni kijana. Faida yake ni kwamba ameona. Tawi linalodhani kwamba tatizo lake ni la pekee duniani huambiwa naye kwamba matawi manne yamelipitia, na kwamba moja kati ya hayo lililitatua kwa njia fulani. Yeye ni kama nyuki anayebeba chavua kutoka ua hadi ua. Bila yeye kila ua hunyauka likiwa peke yake.

Hata hivyo, dawa hii ina uchungu wake. Mshauri ni rafiki wa wanafunzi na papo hapo ni jicho la makao makuu, na mwenye mabwana wawili hulala macho wazi. Tena mgeni aliyetarajiwa hufagiliwa nyumba. Februari 2017 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania alifariki baada ya kunyweshwa pombe kupita kiasi na kuanguka ngazini usiku wa kuwapokea wanachama wapya katika nyumba ya chama cha udugu. Kanuni zilizokataza mambo hayo zilikuwapo, na mwaka 2018 jimbo hilo lilitunga sheria kali zaidi. Funzo lake ni kwamba kanuni za makao makuu na ziara za kupita hazitoshi pale ambapo wenyeji wameamua kuficha. Mshauri anayeogopwa kama askari huonyeshwa sebule tu.

Mfano Ulio Karibu

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni ya Wamarekani, na kwamba vyuo vya Kenya havina vyama vya udugu vya herufi za Kiyunani. Ni kweli. Lakini kazi yenyewe si ngeni hapa. Miungano ya Kikristo ya wanafunzi imeifanya kwa miongo kadhaa, na mtu wa dini yoyote au asiye na dini anaweza kujifunza kutokana na utaratibu wake.

Mwaka 1928 wanafunzi wa Uingereza walimtuma daktari kijana, Howard Guinness, kwenda Kanada kuyatembelea makundi ya wanafunzi wenzao. Husimuliwa kwamba baadhi yao waliuza vifaa vyao vya michezo ili kumnunulia tikiti, tena ya kwenda tu. Barani Afrika, jumuiya ya PAFES iliyoanzishwa mwaka 1958 ilikuwa na katibu msafiri. Mmoja wao katika miaka ya 1960 alikuwa Gottfried Osei-Mensah, mhandisi kutoka Ghana, ambaye baadaye alikuja kuwa mchungaji wa kanisa la Nairobi Baptist. Nchini Kenya, FOCUS ilianzishwa mwaka 1973 kuiunganisha miungano hiyo. Kupitia mpango ujulikanao kwa kifupi kama STEM, wahitimu hujitolea kwa kipindi kifupi kuyahudumia makundi ya vyuoni. Gharama hutegemea sana michango ya marafiki, makanisa na watu waliopitia miungano hiyo.

Kwa nini basi muungano wa Kikristo hudumu chuoni miaka nenda miaka rudi, ilhali chama cha Kiswahili hufa na kufufuka kila uchaguzi? Jibu rahisi ni imani, na jibu hilo lina ukweli. Lakini imani peke yake haitunzi daftari. Kuna mtu anayekuja kuliuliza.

Kwa Nini Kakamega

Mji wa Kakamega umekaa mahali pafaapo. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichokuwa Chuo cha Magharibi kabla ya kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2002 na chuo kikuu kamili mwaka 2007, kimo mjini humo. Ukielekea kaskazini kupitia Webuye unafika Bungoma, kilipo Chuo Kikuu cha Kibabii kilichopata hati yake mwaka 2015. Magharibi kupitia Mumias kuna Busia na Chuo Kikuu cha Alupe. Kusini kuna Kaimosi, na mbele zaidi Maseno, ambacho ni chuo kikuu kamili tangu mwaka 2001. Vyote hivi vinafikika kwa matatu. Mtu huondoka asubuhi akafika kabla ya adhuhuri. Mshauri mmoja mwenye chumba kimoja cha kupanga mjini Kakamega anaweza kulitembelea kila tawi mara mbili kwa muhula bila kupanda ndege wala kulala hotelini.

Upo pia mwavuli wa kumsimamia. Chama cha Wanafunzi wa Kiswahili Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, CHAWAKAMA, kimekuwa kikiwakutanisha wanafunzi wa nchi mbalimbali katika makongamano. Kongamano ni jambo jema, lakini ni mvua ya siku moja. Wajumbe huwasilisha makala, hupiga picha, huimba na kuagana. Shamba linahitaji mtu wa kulipitia mvua ikishakatika.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni fedha. Chama kisichoweza kununua soda za mkutano kitamlipaje mtu? Jibu ni kwamba kila chama kikitenga sehemu ndogo ya ada zake, na waliohitimu wakachangia kama wanavyochangia harusi, nauli na chumba vitapatikana. Kile ambacho hakiwezekani kwa chama kimoja huwezekana kwa vitano. Haba na haba hujaza kibaba.

Pingamizi la pili ni kwamba siku hizi kuna WhatsApp. Kundi la simu hutangaza mkutano vizuri, lakini haliwezi kuona kwamba katibu na mwenyekiti hawasemezani, wala kwamba kumbukumbu za mikutano ziliandikwa zote jana usiku kwa kalamu moja. Mambo hayo huonekana kwa macho tu.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Vijana wengi waliohitimu ualimu hungoja miaka kabla ya kuajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC. Je, si dhuluma kumchukua mmoja wao na kumzungusha mwaka mzima kwa jina la uzalendo wa lugha? Itakuwa dhuluma iwapo atatumwa mikono mitupu. Kiswahili kimeshatumikiwa vya kutosha na watu walioambiwa kwamba mapenzi ya lugha ni mshahara. Chama kisichoweza kumpa mshauri wake riziki ya mwezi na bima ya afya kingoje hadi kiweze.

Masharti

Kwanza, jina. Aitwe mshauri msafiri. Asiitwe mkaguzi, kwa kuwa neno hilo huwakumbusha watu afisa wa elimu anayenyemelea madarasa. Wala mlezi, kwa kuwa huyo ni mhadhiri aliyepo chuoni. Wala mwenezi, neno ambalo vyama vya siasa vimekwisha kulichukua.

Pili, asishike fedha ya tawi lolote wala asiwe na mamlaka ya kumwondoa kiongozi. Nguvu yake iwe katika kuuliza tu.

Tatu, taarifa yake isomwe kwanza na viongozi wa tawi, nao wapewe nafasi ya kuijibu kabla haijapelekwa juu. Hivyo hatafichwa jikoni. Lakini akikuta mwanachama anadhulumiwa au anahatarishwa, asingoje; awaarifu wakuu wa chuo siku hiyo hiyo.

Nne, ziara yake muhimu kuliko zote iwe wiki ya makabidhiano. Akae kati ya kamati inayoondoka na ile inayoingia, na asiinuke mpaka muhuri, daftari, katiba, nywila na salio vimepokewa kwa sahihi. Akifanya hilo moja tu katika vyuo vitano, mwaka wake hautakuwa umepotea.

Hitimisho

Waswahili hawakuishia kwenye kumkaribisha mgeni. Walisema pia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mshauri msafiri ni mgeni anayefika na jembe lake begani. Vyama vya Kiswahili vina washairi, waigizaji, wahariri na wasemaji wa kuwatosha. Kinachokosekana ni kijana mmoja atakayeshuka kwenye matatu, abishe hodi, na aulize bila hasira: daftari liko wapi?