Tusifiche Tunalolitamani

Wengi wetu tukiulizwa na mwalimu, "Utafanya kazi gani?" hutoa jibu lililo salama, kumbe moyoni mna jingine. Twaogopa kuchekwa. Twaogopa pia kuambiwa, "Kwenu nani amepata kuifanya kazi hiyo?"

Kwetu ni kisiwani Nkombo, katika Ziwa Kivu. Wazee wetu huvua sambaza usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imeunganishwa kwa miti mirefu. Mgeni angedhani uvuvi huu ni wa tangu zamani za kale. Sivyo. Sambaza hawakuwamo Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Basi kazi inayotulisha leo ilianza kwa sababu wako waliothubutu kujaribu jambo ambalo ziwani humu halikuwa na mfano.

Mimi nina miaka 19, ni kifungua mimba, na baba anitazamia mtumbwini. Lakini nataka kusomea elimu ya samaki na maji. Neno hilo lilinikaa kooni muda mrefu, maana karo ni nzito na wadogo zangu wanahitaji kula. Likizo iliyopita nilimwambia. Hakucheka, aliuliza, "Ni miaka mingapi?" Sijui kama tutaweza, lakini sasa twahesabu wawili.

Mficha uchi hazai. Mwenzangu, mwambie mtu mmoja unayemwamini. Nanyi kaka zetu mliokwisha maliza shule, akiwajia kijana na lake, msimcheke, mwonyesheni njia.