KAHAWA TUIPAKIAYO NA KAHAWA TUINYWAYO



Juu ya mishahara, nyumba na saa za zamu yamekwisha kuandikwa mengi katika kurasa hizi, na yataandikwa tena mpaka tusikilizwe. Leo twataka kusema neno juu ya kikombe. Wako watakaocheka na kusema kwamba chama kimekosa kazi hata kinahubiri kahawa. Na wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, maana ndani ya kikombe hicho mna jasho la watu wengi, na letu sisi wa reli limo.

Jambo lenyewe ni hili. Kahawa ya Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Kiambu, Embu na Meru hugombaniwa na wanunuzi wa Ulaya, Marekani na Japani. Lakini katika kantini zetu, majumbani mwetu, na hata katika mikutano ya chama chetu, kahawa hiyo haimo. Mtu akitaka kahawa huletewa unga wa kopo wa kukoroga kwa maji moto, ambao mara nyingi umetengenezwa kwa kahawa ya bei ya chini. Kahawa inayonywewa humu nchini haifiki hata sehemu moja kwa kumi ya mavuno yetu. Waethiopia, ambao mti huu umetoka katika misitu yao, hunywa wenyewe karibu nusu ya mavuno yao. Sisi twauza karibu yote, kisha twanunua kopo. Mganga hajigangi.

Maoni yetu ni kwamba yatupasa kuiacha desturi hii. Kunywa kahawa nzuri ya nchi yetu si kujifanya mabwana. Ni kujua thamani ya kitu tunachokibeba, na kumsaidia mkulima na mchumaji walio wafanyakazi kama sisi.

Desturi hii haikuanguka kutoka mbinguni. Mapadri Wafaransa walipanda kahawa Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Tawi la Thika lilifunguliwa mwaka 1913, na mashamba ya walowezi yakawa na njia ya kupeleka magunia pwani. Kahawa na reli zilikua pamoja kama watoto wa nyumba moja. Lakini Mwafrika aliruhusiwa kuchuma, kubeba na kupakia, asiruhusiwe kupanda. Ilikuwa katika miaka ya 1930 ndipo serikali ya kikoloni ilipowaruhusu watu wachache wa Kisii, Embu na Meru, tena kwa kuhesabiwa miti. Wengi walipata nafasi baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Basi mtu aliyekatazwa mti kwa muda wa miaka mingi atapendaje kinywaji chake? Alifundishwa kwamba kahawa ni kitu cha kuuza, na mnywaji ni mtu mwingine.

Hata hivyo asiseme mtu kwamba kahawa ni kitu kigeni kwetu. Nendeni Mombasa jioni mkawaone wazee barazani. Muuza kahawa hupita na dele lake la shaba lenye makaa chini yake, akigonganisha vikombe ili watu wajue amefika. Kahawa yake ni chungu, ina tangawizi au iliki, nayo hunywewa kwa vikombe vidogo visivyo na mkono, pamoja na kashata au tende. Ndugu zetu wa pwani hawakungoja kufundishwa na mtu wa ng'ambo. Sisi wa bara ndio tuliobaki nyuma.

Sasa tuhesabu mikono. Mchumaji huchuma matunda mekundu peke yake, maana tunda bichi huharibu ladha ya gunia zima. Hulipwa kwa debe. Siku ile ile matunda hupelekwa kiwandani kwa chama cha ushirika. Mashine huondoa ganda la nje, kisha punje hulazwa katika matangi usiku kucha au zaidi mpaka utelezi wake ulegee. Halafu huoshwa kwa maji mengi, na punje nyepesi zinazoelea hutengwa. Kisha huanikwa juu ya meza za waya, na watu huzigeuza kwa mikono, wakizifunika jua linapokuwa kali na mvua inaponyesha, mpaka unyevu ubaki kama sehemu 11 katika 100. Baada ya hapo huenda kinuni kukobolewa ganda jembamba na kuchambuliwa kwa ukubwa. Huonjwa na kuuzwa katika mnada wa Nairobi, siku za Jumanne. Mwishoni huwa gunia la kilo 60, na safari ya Kilindini huanza, mengine kwa lori, mengine kwa behewa. Hapo ndipo sisi tunapoingia.

Kilo moja ya buni, yaani kahawa isiyokaangwa, hutoka katika kilo sita au saba za matunda. Ikikaangwa hupungua uzito, ibaki kama gramu 850. Basi kilo moja iliyokaangwa ni kilo saba au nane za matunda, zilizochumwa moja moja kwa vidole. Na bei ya kikombe kimoja katika mkahawa wa London hupita ujira anaolipwa mchumaji wetu kwa debe zima. Kila mwanachama na aifikirie hesabu hii atakapoona tena gunia.

Mkulima naye hana raha. Mapatano ya mataifa juu ya kugawana soko la kahawa yalivunjika mwezi wa Julai 1989, na bei ikaanguka. Kabla ya hapo, katika msimu wa 1987/88, Kenya ilivuna karibu tani 130,000. Miaka hii ya karibuni twazungumza juu ya tani 50,000 hivi. Watu wamekata miti, wengine wamepanda mahindi, na huko Kiambu mashamba mengi yamekuwa viwanja vya nyumba. Mkulima alizoea kungoja malipo miezi na miezi. Mwaka 2023 ulianzishwa utaratibu wa kupitisha fedha ya mnada katika benki mpaka kwa mkulima mwenyewe, ili isipotee njiani. Ni jambo jema, lakini bado mkulima humtegemea mnunuzi wa mbali asiyemjua. Hatusemi kwamba vikombe vyetu vitapandisha bei ya dunia. Twasema kwamba mnunuzi wa karibu, anayerudi kila mwezi, ni msaada. Haba na haba hujaza kibaba.

Wengine watauliza, tutajuaje kahawa nzuri? Tusidanganywe na herufi. AA si jina la utamu, ni jina la ukubwa wa punje. AB ni ndogo kidogo, na PB ni ile punje ya mviringo iliyokaa peke yake ndani ya tunda. AB ya kiwanda kinachofanya kazi kwa uangalifu yaweza kuishinda AA ya kiwanda kizembe. Waonjaji huipa kahawa alama, na ile inayopata 80 au zaidi katika 100 ndiyo waiitayo kahawa maalumu. Kwa hiyo mfanyakazi hana haja ya kulipia AA. Na aulize mambo matatu: imetoka kiwanda gani, imevunwa lini, imekaangwa lini. Hilo la tatu ndilo kubwa. Buni ikihifadhiwa vema hukaa miezi mingi, lakini ikikaangwa nguvu yake hupungua baada ya wiki chache, na ikisagwa hupungua kwa siku chache.

Tena twaonya. Biashara ya buni ina sheria na leseni zake. Mtu asinunue gunia la usiku kando ya njia. Wizi katika viwanda vya wakulima ni balaa, na walinzi wamepoteza maisha kwa ajili yake. Anayenunua mali ya wizi ni ndugu ya mwizi, na chama hakitamtetea.

Juu ya kukaanga: tumia karai zito au sufuria nene, moto wa wastani, na buni kidogo, isizidi nusu kilo. Koroga bila kuacha. Punje hugeuka manjano na kunuka kama mkate, kisha hudhurungi. Baada ya dakika kumi hivi, joto la punje likiwa karibu digrii 200, utasikia zikipasuka kama bisi. Ngoja dakika moja au mbili, kisha epua kabla mafuta hayajaanza kung'aa juu yake. Mimina katika ungo, pepeta upesi nje penye upepo ili zipoe na makapi yaruke. Iache siku moja kabla ya kunywa. Haraka haraka haina baraka: anayezidisha moto hupata punje iliyoungua nje na mbichi ndani. Na kahawa nyeusi kama mkaa siyo kali zaidi, imeungua tu.

Juu ya kupika: saga au twanga kwa kinu ile ya kutosha siku hiyo. Kwa lita moja ya maji weka gramu 60, yaani kama vijiko kumi vya mezani. Maji yawe yamechemka, lakini yasichemke tena pamoja na kahawa. Na hapa sisi wa reli tuna elimu yetu. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100, basi epua ungoje kidogo kabla ya kumimina. Nairobi, kwa kuwa reli imepanda zaidi ya mita 1,600 kutoka baharini, maji huchemka kwa digrii 94 au 95, basi mimina mara moja. Funika dakika nne, chuja kwa kitambaa safi. Onja kwanza bila sukari. Ikiwa ni kahawa nzuri utasikia ukali mtamu kama wa tunda, si uchungu wa dawa. Kisha tia sukari au maziwa upendavyo, hakuna sheria.

Wako watakaosema ni ghali. Kilo moja iliyokaangwa, kwa kipimo hicho, hutoa vikombe zaidi ya 80. Watu wanane wakichangia kilo moja, kila mmoja ana vikombe kumi. Fanyeni hesabu na bei ya sehemu zenu, mlinganishe na soda moja kila siku. Wengine watasema sisi ni watu wa chai. Hatuna ugomvi na chai, maana wachuma chai wa Kericho na Limuru ni ndugu zetu vile vile. Kantini yenye birika mbili haivunji undugu.

Lakini kuna jambo moja twataka lieleweke wazi, maana ndilo lenye hatari. Kahawa huondoa usingizi kwa saa chache, haiondoi uchovu. Mwajiri akileta birika la kahawa kwa watu wa zamu ya usiku, tutashukuru. Akilileta ili mtu aunganishe zamu mbili bila kupumzika, tutalikataa birika pamoja na zamu yake. Dereva, gadi au mtu wa swichi aliyechoka ni hatari kwake mwenyewe na kwa abiria mia nyingi. Saa za kupumzika ni haki yetu, hazinunuliwi kwa kikombe. Na mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu na amwulize daktari kwanza.

Basi twaomba matawi yafikiri juu ya mambo haya:

1. Kila tawi lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kutafuta chama cha ushirika au kikundi cha wakulima chenye leseni ya kukaanga na kuuza kahawa yao wenyewe.

2. Wanachama wachangie kwa mwezi, na fedha ilipwe siku kahawa inapopokelewa. Sisi tunaopiga kelele mshahara ukichelewa tusimcheleweshee mkulima hata siku moja.

3. Kamati za kantini ziombe birika la kahawa halisi kando ya lile la chai.

4. Katika mikutano ya chama, kopo liondoke mezani.

5. Makatibu wawaandikie viongozi wa wafanyakazi wa mashamba ya kahawa, tujue ujira wao wa debe na hali ya nyumba zao. Tukinywa jasho lao, tusikie na kilio chao.

Mambo haya hayahitaji mgomo wala ruhusa ya mkubwa yeyote. Yahitaji kuaminiana na daftari safi la hesabu. Tawi litakaloanza na lituletee habari, hasara na faida, tuziandike hapa ili wengine wajifunze.

Umoja ni nguvu.